Kila Sura Mara Moja

Safari ya kutoka Nakuru hadi kambi ya wakimbizi ya Ifo ilinichukua siku tatu, na katika siku hizo nilijifunza jambo ambalo sikulitambua hadi nilipokuwa mtu mzima: kwamba naweza kukaa kwenye kiti changu kwa raha huku wengine wanateremshwa. Basi la Garissa lilisimamishwa mara nne baada ya Mwingi. Kila mara askari aliingia, akatazama nyuso, akanyoosha kidole: wewe, wewe, wewe na huyo mama. Abiria Wasomali walishuka wakachuchumaa juani kando ya barabara, vitambulisho mkononi. Mimi, mwenye umri wa miaka ishirini na cheti cha kompyuta cha wiki sita, nilibaki ndani nikimenya chungwa. Mzee mmoja aliporudi kwenye kiti cha jirani, kikoi chake kimejaa vumbi magotini, nilimwuliza kama walikuwa wakimtafuta mtu fulani. "Wanatafuta kila siku," akasema. "Bado hawajabata." Nilicheka. Yeye hakucheka. Tulivuka daraja la Tana saa tisa alasiri, nikalala Garissa katika chumba chenye kitanda cha kamba, na kesho yake nikapanda gari la shirika lililoniajiri. Tulilifuata gari la polisi wenye bunduki katika mchanga mwekundu na miiba, saa baada ya saa, mpaka nikaanza kuona mahema na vibanda vilivyofunikwa magunia na mabati ya makopo ya mafuta, safu kwa safu, na dereva akasema, "Haya, umefika. Usipotee, hapa kila kitu kinafanana."

Mwezi uliopita nilipigiwa simu hapa Isiolo, ambako kwa sasa natengeneza simu za watu. Kabla ya Isiolo nilikuwa Marsabit, na kabla ya hapo miji mingi ambayo hainijui tena. Aliyepiga alikuwa kijana nisiyemfahamu. Akaniambia kwamba baba yake, Abdullahi, amefariki Garissa, na kwamba namba yangu ilikuwa kwenye daftari lake, mbele yake pameandikwa neno moja tu: Ifo. Nikasema maneno ya pole aliyonifundisha Abdullahi mwenyewe, kisha nikafunga duka kabla ya adhuhuri. Kazi yangu kubwa siku hizi ni kuzipunguza picha. Mtu analeta simu iliyojaa, picha ileile imo mara tano, nami namfutia nne. Wateja wanalalamika kwamba mimi ni mzito, kwamba nauliza mara tatu kabla sijabonyeza. Hawajui kwamba nilikuwa mwepesi sana wakati mmoja, na kwamba nilisifiwa kwa wepesi huo.

Ofisi yetu Ifo ilikuwa kontena la chuma lililokatwa madirisha mawili. Saa nne asubuhi ukigusa ukuta unachomeka. Kompyuta ilikaa pembeni juu ya meza ya mbao, imezungushiwa magunia yaliyoloweshwa maji ili isizimike kwa joto, na sisi tulifanya kazi yale masaa ambayo jenereta ilinguruma. Tulikuwa watatu. Bwana Ondieki, mkubwa wetu, alikuwa mtu wa bara mwenye kitambaa cha kujipangusia jasho shingoni na hamu isiyoisha ya kurudi Nairobi. Abdullahi alikuwa mkalimani, mkimbizi mwenyewe, mwalimu wa jiografia zamani huko Kismayu, anayechechemea mguu wa kushoto. Watu wote wa kambini walimwita Langare, yaani kiguru, hata watoto, hata mkewe, naye aliitika bila kugeuza uso. Jambo hilo lilinishangaza. Nilimwuliza kama halimkeri. "Kwa nini likere?" akasema. "Mguu si ndio hii? Abdullahi ziko mia tano hapa. Langare iko moja."

Shirika lilikuwa limepewa kamera ya ajabu kwa wakati ule, kamera inayomeza disketi. Ukipiga picha ishirini hivi, disketi imejaa, unaitoa, unatia nyingine. Mwaka uliotangulia familia zote zilipigwa picha, kila mtu peke yake, ili picha ziambatane na kadi za mgao wa chakula. Lakini aliyekuwa na kazi kabla yangu alizitia kwenye kompyuta kama mtu anayemwaga magunia. Alinakili picha zote kwenye folda ya tarehe, akazinakili tena kwenye folda ya mtaa, akazinakili tena kwa ajili ya zahanati, tena kwa ajili ya shule. Sura moja ilikaa mara nne. Diski ikajaa, mashine ikagoma, naye akaenda likizo akakataa kurudi. Siku yangu ya kwanza Bwana Ondieki alisimama nyuma yangu, jasho lake likidondoka begani kwangu, akasema, "Musyoka, nataka kitu kimoja tu. Kila sura ikae mara moja."

Nilibuni njia yangu mwenyewe na mpaka leo sioni kasoro ndani yake, kama njia. Kwanza nilizipanga picha zote kwa ukubwa wa faili. Zilizolingana ukubwa na saa ya kupigwa zilikuwa picha moja, nikabakiza moja nikafuta nyingine. Pili, nilitengeneza folda moja kwa kila mtaa, na ndani yake folda moja kwa kila kadi, na jina la faili likawa namba, wala si jina la mtu, maana majina yalijirudia mno. Tatu, na hili ndilo nililojivunia, sikunakili kitu tena. Nilihamisha. Picha ikitoka hapa inakwenda pale, nyuma haibaki. Zahanati wakitaka picha wanapewa namba kwenye daftari, waje waitazame palepale ilipo. Nne, disketi ikishatolewa picha zake naifuta siku hiyohiyo, itumike tena, kwa sababu disketi zilikuwa chache na mchanga ulizila. Na kila jioni nilimwaga kapu la taka la kompyuta, hata kama lilikuwa na faili mbili. Baada ya wiki tano diski ilikuwa na nafasi nusu nzima. Bwana Ondieki alizunguka kontena akipiga makofi. Abdullahi alitazama skrini akasema, "Sasa ni kama kabati ya mwanamke mzuri," kisha akaniuliza, "Na ikianguka hii kabati?" Nikamwambia haianguki.

Mchana tulikula kwa Hawo. Kibanda chake kilikuwa hatua arobaini kutoka kontena, kimezungushiwa miiba, na ndani kulikuwa na mikeka, birika kubwa jeusi kwa masizi, na chuma cha duara alichopikia anjera, mkate ule laini wenye matundu. Aliumwagia mafuta ya simsim na sukari, au siku nzuri vipande vya nyama ya mbuzi, na chai yake ya maziwa ilinuka iliki mpaka nje. Alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini na mitano, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ngamia. Kiswahili chake cha soko kilimtosha kutukana na kubembeleza. "Wariya, kuja," aliniita, yaani ewe kijana. "Kula kwanza. Halafu rudi funga watu kwa sanduku yako." Watoto watano walizunguka pale: wawili wake wa kuwazaa, na watatu wa dada yake Sahra. Mkubwa wa hao watatu alikuwa Ubah, msichana wa miaka tisa hivi, aliyeleta vikombe bila kumwaga hata tone na kukutazama kwa chini ya kope kama anayekusahihishia mtihani.

Hawo mwenyewe ndiye aliyenisimulia habari ya Sahra, bila mtu kumwuliza, huku akigeuza anjera. Sahra alifariki akijifungua, siku tatu kabla ya siku ya kupigwa picha. Kwa desturi yao mke akifa, nduguze huweza kumpa mume aliyebaki dada wa marehemu, ili watoto wasilelewe na mgeni. Wazee walikaa wakasema Hawo, aliyekuwa amefiwa na mumewe, aingie mahali pa dada yake. Akaingia. Kesho yake mume huyo alikwenda mpakani kutafuta ngamia zake na hakurudi. Lakini siku ya picha ilikuwa moja, na kadi ya Sahra bila mtu mzima wa kuketi mbele ya kamera ingesimamishwa na watoto waandikwe upya, jambo la miezi. "Basi mimi nakaa asubuhi, shungi nyekundu kichwani, kadi yangu," Hawo alisema akicheka, akijipiga kifua. "Alasiri nakaa tena, shungi njano ya Sahra, kadi ya Sahra. Ile mzungu ya kamera ananiambia, mama, tabasamu. Mimi nimezika dada juzi. Nikatabasamu." Alimmiminia Abdullahi chai. "Uongo iko wabi? Wao nani mama yao sasa? Mimi ni habaryar." Abdullahi akanieleza kwamba habaryar ni mama mdogo. Hakukuwa na haja ya kunieleza. Kwetu pia dada yake mama ni mama mdogo, na mimi mwenyewe niliwahi kulishwa na wangu mwaka mzima. Nilielewa kila neno.

Ndipo Bwana Ondieki akapata wazo lake. Picha za ziada zilipokwisha, siku moja aliona kwenye skrini mwanamume aliyetokea mara mbili, mara moja na kofia, mara ya pili bila kofia, kwenye kadi mbili za mitaa tofauti. Alikuwa mfugaji wa Kotile, Mkenya kabisa, aliyejiandikisha kuwa mkimbizi baada ya mifugo yake kufa. Bwana Ondieki alicheka hadi akakaa chini. "Musyoka! Ulikuwa unatafuta faili pacha. Sasa tafuta watu." Kanuni ilikuwa nyepesi: sura ikionekana mara mbili, andika namba za kadi zote mbili kwenye orodha, zote zinasimama mpaka kikao cha kuamua kikae. Folda ya pili futa, nafasi ni ya thamani. Na aliongeza, akinishika bega, kwamba Nairobi wanatafuta mtu wa kuzipanga picha za kambi zote, na kwamba orodha yangu ikiwa nzuri atanitaja.

Sitajifanya kwamba niliichukia kazi hiyo. Niliipenda. Nilikaa mbele ya nyuso, moja baada ya nyingine, na nilipoikamata sura iliyojirudia mwili ulinisisimka. Tuliwapa majina ya kuchekea. Yule wa Kotile tulimwita Nakala. Kikongwe aliyevaa miwani kwenye picha ya pili tulimwita Profesa. Bwana Ondieki aliwaita wageni kutoka ofisi nyingine waje waone, akinigongagonga kichwani: "Huyu ana jicho la mwewe." Siku za mgao niliwaona watu hao langoni, wakirudishwa na gunia tupu, wakibishana na mlinzi, wakiapa. Nilisimama mlangoni pa kontena na kikombe changu nikitazama.

Folda ya mtaa wa Hawo niliiacha mwisho. Najua leo kwamba niliiacha makusudi, nikitumaini jenereta itaharibika au mwaka utaisha. Nilikuwa nimeamua, kwa namna mtu anavyoamua bila kujiambia, kwamba nitaipita. Kisha ikaja ile siku ya chakula cha mchana ambapo kibanda kilijaa, wachuuzi wa mbuzi kutoka Hadado wamekaa kwenye mkeka, na mmoja akaniuliza kitu kwa Kisomali. Sikuelewa, nikatabasamu tu. Hawo akapaza sauti yake ya ngamia akasema, "Huyo mwachie! Huyo ni Dhegole!" Mkeka mzima ukaangua kicheko. Ubah alicheka mpaka vikombe vikagongana. Dhegole ni kiziwi. Wachuuzi wakalirudia, wakanipigapiga mgongoni, wakanisogezea sahani ya nyama: Dhegole, kula! Nilikula nikihisi masikio yanawaka. Nilikuwa kijana mwenye jicho la mwewe, na mwanamke wa anjera alikuwa amenifanya kichekesho mbele ya watu.

Nilirudi kontena nikaifungua folda ya mtaa wake. Shungi nyekundu. Picha ishirini mbele, shungi ya njano. Abdullahi alikuwa kando yangu akipanga orodha ya shule, akainua macho akaona ninachokiona. Kisha akasema kwa utulivu, "Iko njia raisi. Wewe si unajua kuhamisha? Hamisha watoto watatu kwa folda ya Hawo. Ile bicha ya njano futa. Sura moja, mara moja. Kila mtu anakula."

Alikuwa sahihi. Ilikuwa faili tatu, kazi ya dakika moja, na kanuni isingevunjika. Nikamwambia siwezi kuhamisha watu bila karatasi.

"Karatasi andika kesho."

"Mbona ananitukana mbele ya watu?"

Abdullahi alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. "Nani ametukana? Amekupa jina. Musyoka, mtu hana jina ya utani hapa ni mgeni. Leo umekuwa mtu wetu." Akaushika mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akauinua kidogo, akauonyesha kwangu. "Mimi hii miaka ngapi naitwa hii?"

Nilimsikia. Lakini nilikuwa nimekwisha kukasirika, na hasira ya kijana ni kama gari lililokwisha kushika mteremko. Niliandika namba mbili kwenye orodha. Nikabonyeza kufuta folda ya kadi ya Sahra, nzima, na picha nne zilizokuwamo, ya njano na za watoto watatu. Mashine iliniuliza mara moja kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Jioni, kabla jenereta haijazimwa, nilimwaga kapu kama kawaida yangu.

Siku ya mgao iliyofuata Hawo alirudishwa langoni na magunia mawili matupu. Alikuja moja kwa moja kwenye kontena, watoto watano nyuma yake, akasimama dirishani. Hakuniita Dhegole. Aliniita Bwana. "Bwana," akasema, "kadi yangu imekufa. Kadi ya watoto imekufa. Kwa nini?" Bwana Ondieki akamjibu yeye, kwa ile sauti ya upole aliyoitumia na watu aliokwisha kuwakata. Alimwambia kwamba mama, kompyuta haina kabila wala jirani, imeona sura yako mara mbili, subiri kikao. Hawo alimwinua mtoto mdogo wa Sahra, akamkandamiza kwenye waya wa dirisha mpaka shavu la mtoto likajichora miraba. "Na hii sura? Hii umeona mara ngapi?" Mimi nilikuwa naangalia kibodi. Abdullahi alitoka nje, akakaa chini ya kivuli cha kontena, na siku hiyo hakutafsiri tena.

Kikao kilikaa baada ya miezi minne. Kwa muda huo Hawo aliwalisha watoto watano kwa anjera zilizobaki, na anjera hazikubaki, maana unga wake ulitoka kwenye mgao. Mimi niliendelea kwenda pale. Watu wataniuliza nilikuwa na uso wa namna gani, na sijui, labda nilitaka anifukuze. Hakunifukuza. Aliniwekea chai, "Bwana, chai yako," na mkeka ulinyamaza hadi nilipomaliza. Mwezi wa pili aliwagawa watoto wa dada yake. Mdogo alichukuliwa na mwanamke asiye na mtoto upande wa pili wa kambi. Wa kati alikwenda Kotile na watu wa ukoo. Ubah alipakiwa kwenye lori la wachuuzi wa mbuzi kwenda Hadado, akachunge mifugo ya familia fulani kwa malipo ya maziwa. Vikombe siku hiyo alivileta mtoto mwingine, akamwaga.

Kikao kiliifungua kadi ya Hawo na kusema kwamba watoto wa marehemu nao waandikwe kwake, iwapo picha zao za kwanza zitapatikana. Mwenyekiti alinigeukia. Nilitafuta. Nilizitafuta kweli, siku mbili nzima, kwenye kila folda. Kapu nilikuwa nimelimwaga. Zahanati na shule zilikuwa na namba tu, kama nilivyowapangia. Disketi ya mtaa ule niliitoa kwenye boksi nikaitia mashineni, nikakuta ng'ombe: ile disketi ilikwisha kutumiwa na watu wa mifugo. Yule mvivu aliyenitangulia, aliyemwaga picha kila mahali, angekuwa bado na sura ya Ubah mahali pengine mara tatu. Nilikwenda mbele ya kikao nikasema hazipo. Bwana Ondieki akaandika kwamba hazikuwahi kuwepo, na barua yangu ya Nairobi ikaja wiki ileile.

Niliondoka Alhamisi, asubuhi. Gari la shirika lilisimama karibu na soko la mbuzi likingoja la polisi, na mbele yetu lori la mifugo la kwenda upande wa Wajir lilikuwa linapakia. Hawo alikuwa juu ya lori hilo, amekalia kifurushi chake kati ya magunia ya sukari. Aliponiona alishuka, akashika upande wa mlango wangu, akazungumza haraka kwa Kisomali, na Abdullahi, aliyekuja kuniaga, akatafsiri akiangalia chini. Alikuwa anakwenda Hadado kumtafuta Ubah. Ile familia ilikuwa imehama na malisho, hakuna aliyejua ilikokwenda, na huko nyikani wasichana wanaochunga mbuzi ni wengi na kila mmoja amejifunga shungi. Watu watamwuliza anamtafuta nani, ana sura gani. Alikuwa amesikia kwamba kompyuta haisahau. Alitaka picha moja ya Ubah, hata ndogo, hata ya karatasi, awaonyeshe watu visimani.

Kikaoni nilikuwa nimesema hazipo, mbele ya wazee wanne na mkubwa wangu. Hakuna aliyemwambia yeye. Nilifungua kinywa nimwambie nilichokifanya, na nikaona uso wake, jinsi ulivyokuwa unangoja bila chuki yoyote, na nikasema, "Iko Nairobi. Nitaituma nikifika."

Abdullahi hakutafsiri. Aliinua kichwa akanitazama mpaka nikageuka. "Sema wewe mwenyewe," akasema. "Kiswahili hiyo anajua."

Nikasema tena. Picha iko Nairobi. Nitaituma.

"Siku ngapi?" Hawo akauliza.

"Wiki mbili."

Alihesabu kwa vidole, kidole gumba kikigusa pingili moja baada ya nyingine. Akaniombea Mungu anifikishe salama. Kisha akarudi kwenye lori, akamwambia dereva asimngoje, akanyoosha mikono miwili juu, na mtu aliyekuwa juu ya magunia akamteremshia kifurushi chake.